Daftari Lisilo na Majina

Dada yangu alikuwa akiingia nyumba za watu kwa kuomba moto. Alikuwa na kiberiti ndani ya mkoba wake, nimekiona mara nyingi, lakini akifika kwenye mji wa mtu, yaani boma lake, alisimama nje ya ua wa minyaa na kusema kwamba jiko lake limezimika. Akikaribishwa aliketi chini, akavuta ungo wowote uliokuwa karibu, akaanza kuchambua choroko pamoja na mwenye nyumba. Walizungumza juu ya mvua, juu ya ndege wanaomaliza mtama, juu ya mbegu za pamba ambazo hazijaletwa. Baada ya muda mrefu yule mwanamke aliinamia ungo na kusema neno moja ambalo hata mumewe alikuwa hajaambiwa. Dada hakushtuka wala hakumpongeza. Alimaliza kuchambua, akachukua kaa la moto juu ya kigae, akaaga. Akishapita minyaa alilimwaga kaa njiani na kulikanyagia mchanga.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa karibu miaka yote niliyokuwa mbali. Upande wetu, mwendo wa baiskeli kutoka Mhunze, mkoa wa Shinyanga, mimba changa haitajwi. Mwanamke hukaa nayo kimya mpaka ijionyeshe yenyewe, na aliyewahi kupoteza hukaa kimya zaidi. Zahanati inataka mama aje mapema. Mama anataka asijulikane mapema. Katikati ya hayo mawili alikuwepo dada yangu, mwenye elimu ya darasa la saba, mkoba wa turubai aliopewa na mradi mmoja uliokwisha zamani, na daftari la shule.

Daftari lile halikuwa na jina la mtu hata moja. Alichora. Kila mji ulikuwa na alama yake: jembe, mkia wa ng'ombe, kinu, tairi kwa sababu ya tairi lililowekwa juu ya bati ili upepo usiling'oe. Pembeni ya alama aliweka nukta, moja kwa kila mwezi. Zikifika tisa alizizungushia mstari. Kwingine nukta zilikoma kwenye ya tatu au ya nne, na mbele yake palibaki peupe.

Mimi nilikuwa mtu wa kutembea. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Shinyanga mjini kubeba marobota ya pamba karibu na reli. Kutoka hapo Geita. Nilishuka maduarani, mashimo yale ya dhahabu, nikachoka, nikahamia kwenye karasha linalosaga mawe, nikameza vumbi mpaka kikohozi kikanitoa. Nikauza vocha na mitumba Buseresere, kando ya barabara ya Biharamulo. Kila nilipofika nilipakumbuka nilikotoka. Geita niliikumbuka Shinyanga, na filimbi ya treni iliyokuwa ikiniudhi nilipokuwa huko. Buseresere niliikumbuka Geita, hata harufu ya viroba vya mawe. Sijui ugonjwa huu unaitwaje. Hata kwenye mafunzo ya afya niliyopata baadaye hawakutufundisha.

Cheti changu cha kidato cha nne hakikuwahi kusafiri nami. Duarani hakuna aliyeniuliza cheti. Kilikaa kwenye sanduku la dada, ndani ya nailoni, chini ya kitenge chake cha kanisani, na kusema kweli kilikuwa chake zaidi. Yeye alichaguliwa kwenda sekondari kabla yangu. Baba alifariki mwezi huohuo, na yeye akabaki shambani akichuma pamba ili mimi nisome. Sikumbuki kama niliwahi kumshukuru kwa maneno. Nakumbuka tu mikono yake msimu wa kuchuma, jinsi maganda makavu ya pamba yalivyokuwa yakiichana pembeni mwa kucha.

Nilirudi nyumbani nikiwa na miaka arobaini na kidogo, bila mke, na kikohozi ambacho hakikwisha. Nilisema nimekuja kupumzika. Dada alinitandikia kwenye chumba cha nyuma kilekile, hakuuliza nitakaa mpaka lini.

Haukupita mwezi, mtendaji wa kijiji akabandika tangazo kwenye mlango wa ofisi. Serikali sasa itafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii, itawapa cheti na kitambulisho, na itawalipa posho kila mwezi. Kila kitongoji kichague wake kwenye mkutano. Dada aliisikia habari hiyo kisimani, akarudi na ndoo nusu. Kwa miaka yote ile, katika kila semina waliyoitwa, watu wa kujitolea kama yeye waliambiwa, "Mtatambuliwa, vumilieni." Siku ya mkutano alivaa kitenge cha kanisani. Alikuwa amekipiga pasi ya mkaa tangu jana yake, akapaka na viatu rangi.

Tulikaa kwenye uwanja wa shule. Mtendaji alisoma sifa moja moja: awe mkazi wa hapa, awe hajavuka umri fulani, awe mtu wa kuaminika. Watu wakawa wanamgeukia dada na kutabasamu. Umri alikuwa ameshauvuka, lakini watu walidhani hilo litafumbiwa macho. Kisha akasoma la kidato cha nne.

Mama mmoja aliyekaa mbele, ambaye watoto wake wote walipimwa uzito na dada, alinyanyuka. "Na mwenye uzoefu je?"

"Mama, uzoefu hauna cheti," mtendaji akajibu. "Mwongozo ndio unavyosema. Siyo mimi niliyeuandika."

"Huyo aliyeuandika alizaliwa na nani? Aliyempokea aliulizwa cheti?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Basi tutafute ng'ombe mwenye kidato cha nne, tumpigie kura tukalale!"

"Jamani, utaratibu," mwenyekiti wa kitongoji alisema, lakini naye alikuwa anacheka. "Haya. Kitongoji hiki nani anacho cheti hicho, na yupo?"

Vijana wenye vyeti walikuwa Kahama, Mwanza, wengine hatukujua wako wapi. Ndipo dada akasimama. Alinionyesha kwa kidevu.

"Mdogo wangu anacho."

Kelele zilizofuata nazisikia mpaka leo. "Huyu? Huyu mwana Geita?" "Mbwa wa kwao wenyewe wanambwekea!" "Shemeji, nilikutumia salamu Krismasi, ukajibu Pasaka!" Mimi nilitazama chini. Hakuna lililosemwa ambalo lilikuwa uongo.

Dada alingoja watulie. "Cheti ni chake, miguu ni yangu," alisema. "Ataandikwa yeye. Mtakayemwona mlangoni ni mimi."

Mtendaji aliinamia karatasi zake kana kwamba kuna mahali wino umefifia. "Hilo mimi sijalisikia," alisema. "Wanaomkubali wanyooshe mikono." Mikono yote ikaenda juu.

Tulirudi nyumbani. Alivua viatu, akavifuta, akavirudisha ndani ya boksi. Kisha akaniambia jambo ambalo mkutanoni hakulisema. Muuguzi wa zahanati alishamweleza kwa upole kwamba wahudumu wapya wakianza, karatasi zake za kuwapeleka akina mama hazitapokelewa tena. Akikutwa anazunguka na mkoba, ataonekana mtu anayejifanya. "Siombi posho," alisema. "Wewe shika kitambulisho. Mimi niache niingie kwenye zile nyumba."

Nilikubali. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu ambacho yeye alikihitaji.

Mafunzo yalikuwa ya miezi, mwanzo darasani mjini Shinyanga, halafu kwenye vituo. Nilikuwa mkubwa kuliko wote. Vijana waliniita Babu, na wakanipa dawati la mbele kwa sababu ya macho. Nitasema kweli, niliyapenda. Harufu ya chaki ilinirudisha mbali. Nilijifunza kupima mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi, kutambua pumzi ya mtoto mwenye nimonia, kujua mama wa kukimbizwa na mama wa kungoja. Mambo mengi niligundua dada alikuwa akiyafanya vilevile, ila bila majina yake. Somo la usiri lilichukua siku nzima. Mwalimu alisema habari ya mgonjwa ni kama nguo yake ya ndani, haianikwi barabarani. Tuliandika, tukafanyia mtihani, nikapata alama nzuri kuliko wote.

Nilirudi na cheti, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, mkoba mpya na kishkwambi. Posho ya kwanza nilimpa dada yote. Aliniletea viatu. Nilimwambia nilitaka anunue vyake, akasema mhudumu wa serikali hawezi kupita mbugani na kandambili.

Mwanzo mambo yalikwenda kama alivyopanga. Tulitoka pamoja, mimi na kitambulisho mbele, yeye nyuma na kanga begani. Kwenye ua yeye aliomba moto, nami nilibaki nje na wanaume, nikisifia ng'ombe. Aliporudi aliniambia ya kuandika.

Kisha muuguzi akaniita. Kila mjamzito wa kitongoji alitakiwa aingizwe kwenye kishkwambi kabla mwezi haujaisha, na wa mimba changa hasa. Nilirudi nyumbani mchana ule nikamkuta dada anachambua michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikamwomba daftari. Alinawa mikono, akalileta, tukakaa mlangoni penye mwanga. Akawa ananisomea alama na mimi nageuza alama kuwa majina.

"Kinu?" niliuliza.

"Mke mdogo wa pale. Nukta mbili. Huyu usimwandike bado."

"Wanataka kabla ya miezi mitatu."

"Mimba zimemtoka mara tatu, mdogo wangu. Ameniambia mimi peke yangu. Hata mumewe hajui."

"Ndiyo sababu aandikwe. Huyu ndiye wa kuangaliwa kuliko wote." Hilo nalo lilikuwa kweli, tulifundishwa hivyo, na hata leo naamini hivyo.

Alikitazama kishkwambi. "Nani anasoma humo ndani?"

"Wahusika tu. Ni siri. Tumesomea."

Hakusema ndiyo. Alifunga daftari, akalipiga vumbi, akarudi kwenye michembe yake. Nilichukulia kwamba amekubali. Nilikuwa na cheti, nikaona najua.

Palikuwa na sehemu ya kujaza namba ya simu, na bila kuijaza kishkwambi hakikukubali kuendelea. Yule mke mdogo hakuwa na simu. Wanawake wengi wa kule hawana. Namba ya mumewe niliijua, kila mtu aliijua, ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa mkokoteni wake kwa ajili ya watu wanaotaka kubebewa mizigo. Nikaijaza. Kwa wengine nilifanya hivyohivyo: namba ya mume, namba ya baba mkwe, namba ya shemeji mwenye duka. Nilipomaliza nilihisi kama mtu aliyelima ekari nzima peke yake.

Kishkwambi hakikukosea. Kilifanya kile kilichotengenezwa kufanya: kilimtumia kila mama ujumbe wa hongera na tarehe ya kuhudhuria kliniki.

Kwenye mji wa kinu ujumbe uliingia wakati wa kupukuchua mahindi. Mwenye simu hajui kusoma. Alimpa mke mkubwa, ambaye amemaliza la saba na hupenda kusoma kwa sauti. "Hongera mama kwa ujauzito," alisoma, akacheka. "Haya, nani tena humu ndani? Au ni wewe, mzee?" Watu wote wakacheka, majirani waliokuja kusaidia wakacheka. Kisha mmoja akaacha kucheka, akamtazama mke mdogo, na wengine wakafuata macho yake. Aliyenisimulia alikuwepo. Alisema yule mwanamke hakuinua uso. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu, akaendelea kulisugua hilohilo.

Jumbe nyingine ziliingia siku hiyohiyo, mji kwa mji.

Baada ya wiki mbili ile mimba ilitoka. Nilimwendea muuguzi. Alinisikiliza, akaniambia kwamba mwanamke yule alikuwa na tatizo la siku nyingi, na kwamba hakuna ujumbe wa simu unaoweza kutoa mimba. Najua. Ningeulizwa kwenye mtihani ningejibu hivyo. Nilijaribu kuwaeleza watu pale dukani, wakanisikiliza kwa heshima yote, wakaitikia, na hakuna aliyeamini. Mke mdogo alirudi kwao na godoro lake. Nilimwona akipita kwenye mkokoteni ule wenye namba nyeupe, amekaa juu ya vitu vyake, ametugeuzia mgongo.

Mimi hawakunichukia. Hilo ndilo lililoniumiza. Kwao mimi nilikuwa mtu wa kuja na kwenda, wa kusamehewa kama anavyosamehewa mgeni aliyekanyaga kwenye mkeka. Waliyemwambia siri ni dada, na siri ilivujia kwa dada.

Siku chache baadaye alitoka peke yake, bila mkoba. Nilimfuata kwa mbali, sijui kwa nini, labda nilitaka kuona kama bado inawezekana. Alikwenda mji wa tairi, kwa yule mama aliyemtetea mkutanoni. Alisimama nje ya minyaa.

"Mwadila, mayu," aliamkia kwa Kisukuma chetu, yaani habari za mchana, mama. "Jiko langu limezimika. Naomba moto."

Yule mama alikuwa ameketi na ungo mapajani. Hakusimama wala hakukasirika.

"Viberiti viko dukani, mayu," alisema.

Dada alisema, "Wabeja," yaani asante, akageuka. Alikwenda na mji uliofuata, na uliofuata. Pote walimjibu salamu vizuri, wakamuuliza habari za nyumbani, na pote moto ulikuwa haupo. Mahali pamoja moshi ulikuwa ukitoka jikoni wakati wanamwambia. Aliporudi alinipita mlangoni, akaingia ndani, akatoka na daftari.

"Kaa nalo," aliniambia. "Halina tena kazi kwangu."

"Dada, nisamehe."

"Wewe ulifanya ulivyofundishwa," alisema. "Mimi ndiye niliyesoma alama." Akaenda kuchota maji.

Nilifungasha wiki ile. Nilijua basi la Geita linapita saa ngapi, nilijua hata nani ningelala kwake. Alinikuta nakunja shuka, akasimama. "Ukiondoka, wataandika kwamba kitongoji hiki hakina mtu," alisema. "Mpaka waseme tuchague mwingine, watoto wangapi watakuwa wameugua?" Hakunishika mkono wala hakulia. Nilikunjua shuka.

Kwa hiyo nipo. Nimekaa hapa kuliko nilivyokaa mahali popote tangu shuleni. Napima malaria, napima mikono ya watoto, na kwa hayo watu wananipokea. Homa ya mtoto inaonekana, haina aibu. Viatu vimeanza kuisha upande wa kisigino. Lakini kila mwezi, kwenye sehemu ya wajawazito wapya, najaza sifuri. Wanawake wanafika zahanati wakiwa na miezi sita, saba, wengine wanafika na uchungu. Msimamizi wangu alikuja mara moja kwa pikipiki, akatazama sifuri zangu zilivyojipanga.

"Kitongoji chako kimeacha kuzaa?" aliuliza.

"Wanazaa, mkuu."

"Sasa mbona huwaoni?"

Nilimsogezea fomu atie saini.

Mwezi uliopita, mchana, nilikuwa ndani najaza ripoti hiyo wakati mtu alipobisha hodi uani. Nilimchungulia kwa dirisha. Alikuwa msichana aliyeolewa juzijuzi kwenye mji wa jembe, hata sura yake siijui vizuri. Kwenye pindo la kanga yake palikuwa na kitu kimefungwa fundo, na pembe za kiberiti zilionekana waziwazi kupitia kitambaa. Tumbo nalo lilikuwa limeshaanza kujionyesha. Nukta tano, ningesema, au sita. Alikuwa amechelewa kwa miezi.

"Shikamoo, mama," alimwambia dada. "Jiko letu limezimika. Naomba moto." Akaangalia huku na huku. "Mdogo wako yupo?"

Dada alitupa jicho dirishani. Alijua niko ndani.

"Anatoka sasa hivi," alisema.

Nilizima kishkwambi, nikakiacha chini ya mto, nikatokea mlango wa nyuma. Nilikwenda mpaka kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, nikalizunguka, nikaenda mpaka njia kuu, nikaona basi likipita na vumbi lake, nikarudi polepole. Ndiyo safari zangu siku hizi. Nilipofika dada alikuwa peke yake, ungo mapajani, choroko zimetengwa mafungu mawili, lake na la mtu mwingine. Sikumuuliza. Yeye hakuniambia.

Jioni aliponipa ugali alisema, huku akifunika chungu, "Muuguzi yupo Jumanne?"

"Yupo," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Nilinawa, nikala. Kisha nikarudi chumbani, nikawasha kishkwambi, nikamalizia ripoti. Wajawazito wapya: sifuri.